Kobe Walibaki Uani, Mtoto Akapanda Litembo

Mwaka kahawa ilipoachiwa wanunuzi binafsi, na yangu ikakosa bei, nilikuwa na miaka ishirini na sita na elimu ya darasa la nne. Nikaomba kazi Mbinga kwa mnunuzi wa wanyama hai. Siku ya kwanza Msimamizi alinikabidhi kobe. "Dume au jike?" Nikamgeuza. Gamba la tumbo limebonyea: dume. Waombaji wenzangu wenye vyeti walikuwa bado wanakuna vichwa.

Kobe wale walikwenda Ulaya kufugwa sebuleni. Tulicheka sana.

Nikapelekwa Chiwanda, kando ya ziwa, kuwa mkuu wa kituo cha kukusanya kobe, na kituo chenyewe ni ua wangu. Kabla ya safari kobe hulowekwa: anakunywa, anajisaidia majini, kasha linabaki safi. Niliwaloweka kwenye beseni la mke wangu, nikalisuuza kwa maji ya ziwa, basi. Yeye akaoshea mboga humo, akamwogesha Skola, binti yetu wa mwaka na nusu.

Skola akaanza kuhara damu, homa haishuki. Mganga wa zahanati akauliza, "Mnafuga nini?"

"Kuku wawili."

Mke wangu akadakia, "Na kobe arobaini, au hao ni wageni?"

Mganga hakucheka. "Baba Skola, kobe hubeba bakteria tumboni, salmonela, na yeye haumwi. Kinyesi chake kikifika mdomoni, hata kwa mikono tu, mtu anaugua. Mtoto mdogo anaweza kufa. Nawa kwa sabuni, chombo chao kiwe chao, na mtoto asikae nao ua mmoja."

Dripu zilimwokoa. Nikamwomba Msimamizi tuhamishe kobe.

"Hamisha," akasema, "na kazi uihamishe."

Nikamhamisha Skola, kwa babu na bibi yake Litembo, juu milimani. Nilisema miezi mitatu. Ikawa miaka kumi na mmoja, mpaka biashara ikafa.

Naitamani kazi ile, sifichi: mvua za kwanza, kobe wakitoka majanini. Lakini jino la kwanza la Skola lilipong'oka, nani alilirusha juu ya paa? Sijui.

Leo nina nyumba ya bati ya vyumba vinne, miche mia nane ya kahawa, mashine ya kusaga, pikipiki na nguruwe sita. Skola huja Krismasi, siku mbili. Ananiamkia, "Shikamoo, mzee." Jina la baba alimpa babu yake, mpaka alipomzika.