Kikombe cha mubirizi

Mwaka mzima Noella alisaga majani machungu ya mubirizi katika maabara moja ya Uvira, akitafuta dawa ya dengue. Leo jibu lilitoka: maji ya majani yale yaliua virusi kweli, lakini na seli hai za mwili za kupimia nazo zikafa. Hayafai, kama majani mengine yote yaliyopimwa pale.

Alirudi nyumbani kwa pikipiki akiwa na homa, viungo vikimuuma. Dengue ilikuwa imemkamata yeye mwenyewe.

Mama yake, Félicité, alikuwa amekwisha kumchemshia mubirizi. Noella alitaka kumweleza jibu la maabara, akaona vidole vya mama vimekuwa vya kijani kwa kufikicha majani. Akanywa kikombe chote.

“Dawa iko inasaidia?” mama akauliza.

“Iko inasaidia, mama,” akajibu, akageukia ukuta.