Picha ya Dada Yangu Ukutani Gasorwe

Nilikosa. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma katikati ya maelezo. Hakuna aliyenituma wala aliyenishika mkono. Nilimwanika dada yangu wa tumbo moja mbele ya watu, na nilijua kabisa kwamba ninamwanika.

Naishi Gitega, mtaa wa Magarama. Kazi yangu ni kutengeneza slaidi. Naandalia vikundi vya wakulima, wanafunzi wanaokwenda kutetea memwari zao za kumaliza chuo, na shirika dogo lililoniajiri. Naijua kazi hii, jamani! Ukiniletea slaidi iliyoshindiliwa maneno kama gunia la maharage, nakucheka kwanza, halafu nayakata. Herufi ziwe kubwa, hata aliyekaa nyuma asome bila kukunja uso. Usisome ukutani, ongea na watu. Na ukitaka waguswe, anza na uso mmoja, picha moja bila neno lolote, kisha unyamaze.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniponza.

Dada yangu mkubwa anaishi Gasorwe, kule Muyinga. Tulikulia kambini Tanzania, tukiwa wakimbizi, na mama akienda kutafuta kuni, dada ndiye aliyenibeba mgongoni. Aliolewa kule kule kambini. Tuliporudi Burundi alilima, akazaa, akaheshimika, hadi wanawake wanaolima mihogo wakamfanya mwenyekiti wa kikundi chao. Walichokosa ni mashine ya kusaga. Wafadhili wakaja Gitega kusikiliza vikundi, nami nikaambiwa niandae slaidi za kikundi cha Gasorwe. Furaha niliyokuwa nayo! Kumfanyia kazi dada yangu mwenyewe!

Nikatafuta uso wa kuanzia. Kwenye simu nilikuwa na picha aliyoniachia marehemu mama. Dada amekaa mbele ya hema, kitenge kimechanika, amekonda hadi mifupa ya shingo inahesabika, na amempakata mtoto. Mtoto yule alikuwa wake wa kwanza. Alifia kambini, muda mfupi baada ya picha ile.

Tangu turudi sijamsikia dada akimtaja. Kwetu husemwa kwamba machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni. Ya dada yangu nayo yalikwenda huko huko. Majirani wa Gasorwe waliwajua watoto aliozaa hapo, basi.

Sikumwuliza. Nilijiambia atafurahi mashine ikifika.

Gitega dada hakuwepo, mimi ndiye niliyewasemea, na mambo yalikwenda vizuri mno. Niliiweka picha, nikanyamaza, na wageni wakatoa vitambaa, wakafuta machozi. Mashine ikakubaliwa siku ile ile. Kisha wakasema wanataka kwenda Gasorwe, wanachama nao waone slaidi zilizowapatia mashine. Mungu wangu!

Njiani kuelekea Muyinga nilikuwa na kompyuta mapajani. Nikamwambia mkuu wangu wa kazi, Mkongomani wa Uvira, kwamba naitoa ile picha kwa sababu dada atakuwepo.

"Utoe nini?" akashangaa. "Ile foto njo imebeba yote! Wageni watauliza iko wapi. We uko unaogopa nini? Dada yako atafurahi, utaona."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Nikafunga kompyuta. Nikwambie ukweli: si mkuu aliyenishinda. Niliipenda ile slaidi. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza.

Tulikutana kwenye ukumbi wa parokia, tukaziba madirisha kwa vitenge ili picha ionekane. Dada alikaa mstari wa mbele, amevaa imvutano yake ya sherehe, binti yake pembeni. Picha ikatokea, kubwa, ukuta mzima. Nikanyamaza kama ninavyofundisha.

Kuna kitufe kimoja, cha nukta tu. Ukikibonyeza slaidi zikiwa zinaonyeshwa, ukuta unakuwa mweusi papo hapo. Nawafundisha wote: kikiharibika kitu, bonyeza nukta, uvute pumzi. Kidole changu kilikuwa hapo hapo! Nikamwona dada anainua mkono polepole, akajifunika shingo, pale palipoonekana mifupa kwenye picha.

Sikubonyeza. Mgeni mmoja alikuwa analia, nami nikamsubiri amalize.

Vitenge viliposhushwa, wanawake walishaelewa kwamba mtoto yule hayupo tena, wakapanga mstari kumshika dada mkono. "Ihangane," walimwambia mmoja mmoja, kama anavyoambiwa aliyefiwa. "Ihangane, hatukujua." Msiba wa miaka mingi ukaanza upya mchana kweupe, na wageni wakapiga picha, wakidhani anapongezwa. Dada alimwitikia kila mmoja. Kisha akaanza kuwagawia wageni Fanta. Nilinyoosha mkono nimsaidie kugawa, akanipa chupa na mimi.

Nikamfuata nyuma ya ukumbi.

"Dada, nisamehe."

"Mama alikupa ile picha uifanye nini?"

"Niitunze."

"Haya. Sasa iko kwa nani?"

Slaidi zilishatumwa kwa wageni, kwa ofisi zao, kwa watu nisiowajua hata kwa sura.

"Binti yangu ameniuliza yule mtoto ni nani," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nilikuwa namngoja akue, nimwambie mwenyewe. Nenda, mdogo wangu. Wageni wanakusubiri."

Mashine ilikuja, na inasaga kweli. Dada aliacha uenyekiti bila kelele. Mihogo yake anaitwanga kwenye kinu, nyumbani kwake.

Nilidhani nitalia. Silii. Naamka, natengeneza slaidi za watu, wananisifu, nasema asante. Ndani hakuna kitu, pamekufa ganzi. Hata hasira ya kujichukia imeisha.

Wewe unayeandaa slaidi, nakuomba. Kabla hujauweka uso wa mtu ukutani, mwendee mwenyewe. Mwonyeshe picha mkiwa wawili tu, na akisema hapana, iache, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Slaidi mbovu watu huisahau wakifika mlangoni. Nzuri hawaisahau, na hapo ndipo nilipomuua dada yangu.

Zamani nikifika Gasorwe nilipitia uani moja kwa moja hadi jikoni, nikafunua sufuria bila kuuliza, naye akanipiga mkono kwa mwiko huku akicheka. Juzi nilikwenda. Alinipokea kwenye mlango wa mbele, akaniingiza sebuleni, akapangusa kiti kwa upande wa kitenge chake, akamtuma binti yake aninunulie Fanta.

"Karibu sana," akaniambia. "Habari za Gitega?"