Kafi la Kheri

Mimi na Mwanaheri tunapakana ua hapa Mbwera. Ni mwanamke wa maneno machache, na mkono wake wa kushoto haunyooki. Mumewe, Kheri, mkata mikoko, alikuwa mtu wa salamu nyingi na safu ya mbele msikitini. Wakikaa katika nyumba aliyoachiwa Mwanaheri na marehemu mama yake. Humo ndani Kheri alikuwa mtu mwingine. Vilio nilivisikia mimi, kwa kuwa makuti hayazuii sauti.

Siku alipomvunja mkono alimpigia kafi lake la mtumbwi, na kafi lenyewe likavunjika. Sisi tukaambiwa Mwanaheri kaanguka kwenye ngazi ya dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga. Kafi nalo, Kheri akatangaza limeibwa. Akamtaja Huseni, wanayeegesha naye mitumbwi, na masikini Huseni akaitwa mwizi tangu hapo.

Mkono ulipopoa, Mwanaheri alikwenda kwa Mzee Mfaume, anayesuluhisha ndoa, kudai talaka. Kheri akaitwa, akaapa kwa jina la Mungu kwamba hajamgusa mkewe.

"Mwanangu, lete shahidi," mzee akasema.

Shahidi angetoka wapi? Mimi nilisikia tu, sikuona. Wakarudi nyumbani, na Kheri nikamsikia akicheka: "Nenda tena kanishitaki. Chukua na kinu chako kikakutolee ushahidi!"

Ilipokaribia Siku ya Wanawake, nesi wa zahanati akatuomba akina mama tuandae igizo. Lilikuwa la kwanza hapa kwetu. Mimi nikapewa kuwa mke. Mwanaheri, ambaye hata kwenye kaswida huimba kwa chini, akasema, "Mume nitakuwa mimi." Kwenye mazoezi fimbo yake ilikuwa mwiko.

Siku yenyewe alitoka na kanzu, kofia, na ndevu za masizi. Uwanja ukalipuka.

"Bwana harusi huyo! Mposeni!"

Kheri alikaa mbele karibu na Mzee Mfaume, akicheka kuliko wote. Mwanaheri akanisogelea, akanguruma, "Mchuzi huu umeupikia paka?" Mimi nikashtuka, maana maneno yale hatukuyafanyia mazoezi. Niliyajua kwa kuyasikia ukutani. Kisha akakunjua mkeka aliokuwa ameubana kwapani. Hakutoa mwiko. Alitoa bapa la kafi lenye kipande cha mpini, na juu yake mchoro wa ndoana uliochomwa kwa chuma cha moto. Kila mwanamume hapa ana alama yake kwenye kafi. Ile ilikuwa ya Kheri.

Kheri akaruka juu. "We! Kafi langu hilo! Umelitoa wapi?"

"Si nililiiba mimi?" Huseni akapaza sauti kutoka nyuma. "Mwambie mkeo alirudishe kwangu basi!"

Mwanaheri akatoa kipande cha pili, akapandisha mkono wa kanzu. "Nililiokota ulipoliacha. Lilivunjikia hapa."

"Na wewe siku ile si ulinijibu!" Kheri akafoka.

Naye akasikia alichokisema, lakini kilikwisha kutoka.

"Kheri," Mzee Mfaume akasema, "mimi uliniapia."

Talaka ilitoka. Kheri akahamia kwa kaka yake, na Huseni aliombwa radhi hadharani, pale pale bandarini alikoitiwa mwizi.

Mwanaheri amevitundika vile vipande ukutani kwa nje, upande wa njia ya bandarini. Kheri hana njia nyingine. Kila akipita na kafi jipya begani, wanawake kisimani humsalimu kwa adabu: "Shikamoo shemeji. Hilo jipya linadumu?" Naye huinamisha kichwa. Nikiswali namwomba Mungu aniondolee raha ninayoipata nikimwona vile. Bado naipata.

Juzi nilimwambia Mwanaheri, "Mwenzangu, si ulitoe kafi hilo sasa? Ameaibika vya kutosha."

"Mkono wangu ukinyooka, nitalitoa."

Akaingia ndani, akatoka na mafuta, akalipaka bapa taratibu pande zote, mchwa wasije wakalila.