Mama Dasta na Ubao Uliofutwa

Saa moja kasoro asubuhi, Mama Dasta amesimama barazani na fagio mkononi, lakini hafagii. Mbele yake kuna rundo la miguu ya viti, kopo lililobonyea na kandambili moja ya kushoto. Analizunguka. Anainama, analitazama kwa chini, kisha anapaza sauti kuelekea dirishani.

"Nyie! Hizi ni taka au ni kazi?"

"Ni kazi, Mama, usiguse!" mchongaji anajibu kutoka ndani.

"Na kandambili?"

"Kandambili ni yangu."

Mama Dasta anaachia msonyo mrefu, kisha anafagia pembeni pembeni, kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

Jengo hili ni shule kongwe ya kijiji. Kuta zake za mawe zilijengwa na wazazi kwa mikono yao, na hadi leo zimenyooka kuliko nyingi zilizojengwa juzi. Shule mpya ilipofunguliwa kando ya barabara kuu, wanafunzi walihamia huko, na kijiji kikaamua jengo la zamani liwe kituo cha sanaa. Darasa la kwanza wamepewa wachoraji, ofisi ya walimu wameichukua wapiga ngoma, na wachongaji wametanda barazani. Mbao za kuandikia zimeachwa ukutani kwa heshima ya historia.

Mfanyakazi pekee aliyebaki kutoka enzi za shule ni huyu mama. Aliajiriwa kufanya usafi akiwa bibi harusi, na wanafunzi ndio waliompa jina la Dasta, kwa sababu kila alfajiri alifuta mbao zote kabla mwalimu wa kwanza hajafika.

"Mwalimu mkuu alikuwa akisema ubao uliolala na maandishi ni aibu ya shule nzima," anasema. "Sasa mtu ukaishi hivyo miaka yote, halafu wakwambie usifute! Akili inaelewa, mkono hauelewi."

Wiki iliyopita mkono haukuelewa. Mchoraji mmoja, dada mwenye miwani na maneno machache, alikuwa amejaza ubao wa darasa la kwanza kwa picha ya chaki ya wanawake wakitoka kisimani. Ndiyo iliyotarajiwa kuwa kazi kuu ya maonyesho ya kituo. Mama Dasta aliingia na ndoo na kitambaa kibichi. Mchoraji alipofika, ubao ulikuwa unang'aa.

"Wiki tatu, Mama! Wiki tatu nimesimama hapa mpaka miguu imevimba!"

"Kwa chaki, mwanangu? Nani anachora kitu cha maana kwa chaki?"

"Kwani hukuona kwamba ni picha?"

"Niliona. Yule wa mbele nikasema kabisa, huyu kafanana na wifi yangu. Lakini ilikuwa ubaoni!"

Baadhi ya wajumbe wa kamati ya kituo walitaka aondolewe na iletwe kampuni ya usafi kutoka mjini. Kwake hilo si jambo dogo. Ni mjane, na mshahara huu ndio unaolisha nyumba yake na kumsomesha mjukuu. Kwa hofu ya kukosea tena, tangu siku ile haokoti kitu bila kuuliza, na wasanii wamechoka kuulizwa.

"Ameniuliza kuhusu ganda la ndizi," analalamika mpiga ngoma. "Ganda la ndizi! Anatukomoa huyu mama."

"Simkomoi mtu," Mama Dasta anamjibu. "Juzi mlangoni palikuwa na gunia bovu, nikaambiwa linazungumzia upweke. Ganda nitajuaje kwamba lenyewe halizungumzi?"

Jana jioni kamati iliketi katika chumba cha wachoraji kuamua hatima yake. Wa kwanza kuitwa alikuwa mchoraji, na wengi walitarajia angemmaliza.

"Nimemkasirikia, na hasira bado ninayo," alisema. "Lakini hao wa mjini watajuaje kipi ni kazi? Nao hawatauliza. Huyu angalau anauliza, hata kama anatutoa roho."

Wajumbe walinong'onezana, kisha mwenyekiti akatoa uamuzi. Mama Dasta atabaki, kwa sharti moja: kila Jumamosi akae katika darasa la uchoraji pamoja na wanaoanza, ajifunze kuitambua kazi ya sanaa.

"Mimi, dawatini? Na goti hili?" aliruka. Kisha akatazama sakafu: unga wa mkaa, brashi zilizokauka kama vijiti, vikombe vyenye chai ya juzi. Akamgeukia mwenyekiti.

"Nimekubali. Na hawa watoto wako, wao watajifunza nini?"

Akajibu mwenyewe. Kuanzia Jumamosi hii, kila darasa likimalizika, wasanii watashika fagio na matambara kwa zamu, naye atasimamia. Mchoraji ameandikwa wa kwanza. Mpiga ngoma, ambaye alicheka, ameandikwa wa pili.

"Wanifundishe kuona, nami niwafundishe kuokota," anasema Mama Dasta, akikamua kitambaa chake. "Naomba uzima tu nifike mwisho wa muhula. Nina hamu ya kujua kama kuna atakayefaulu, maana kwa sasa hata mmoja simwoni."