Uso Kwenye Kiambaza cha Delfino

Delfino Archuleta akichora kuku, mwewe walikuwa wakijigonga ukutani. Bisha ukitaka, kule Ojo Hondo, kwenye milima ya New Mexico, Marekani, wamebisha wakubwa kuliko wewe. Rangi alizichimba mwenyewe: wekundu wa korongoni, manjano ya nyuma ya kanisa, weusi wa masizi ya jikoni.

Mkewe Celsa alikufa bila kuacha hata picha moja ya kamera. Delfino akamchora kwenye kiambaza cha nje, chini ya upenu, anacheka na lile jino lake lililovunjika. Kila asubuhi mzee akanywa kahawa mbele yake, wakigombana. Yaani yeye ndiye agombaye, mwenzake kimya.

Miaka tisa hivyo. Kisha kifua kikambana, akalazwa hospitali ya mjini Pasaka nzima.

Sasa, kule wakandikaji ni wanawake. Kila majira ya machipuo, kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Isidro, hupita nyumba kwa nyumba na udongo na mabua ya ngano, na nyumba ya mgonjwa ndiyo huanza. Ramoncita, mdogo wake Celsa, akaikandika ya Delfino kwa mikono yake, laini kama yai.

Delfino akarudi, akasimama uani.

"Celsa yuko wapi?"

"Nyufa zilishamfika shavuni, shemeji. Nimemstiri. Si utamchora tena? Wewe si ndiye fundi wa kuku!"

"Nitamchora kwa uso gani? Nimeusahau, Ramoncita. Uso wake ulikuwa pale ukutani tu."

Ramoncita akakaa chini palepale, kicheko kimemkauka.

Delfino akajaribu kuubandua udongo mpya. Kipande kikatoka na sikio. Akaacha. "Mvua ina vidole laini kunishinda," akasema, akaung'oa upenu, akakaa kungoja.

Julai ikanyesha mvua, hata samaki wakaingia kanisani wakakaa viti vya mbele. Siku ya tatu likatokea jicho. Kisha jino.

"Ramoncita! Njoo, anakuja!"

Ramoncita alipovuka mfereji, kiambaza kilikuwa kimelala chini kama ng'ombe, na Delfino amepiga magoti topeni, anapapasa.

Wanawake wakakijenga upya kwa tope lilelile. Delfino hakushika brashi tena. Kahawa aliendelea kuinywa mbele ya ukuta mtupu, mpaka theluji ya Januari ilipomchukua.

Ila hakugomba tena.