Lumbugu Mbele ya Nyumba

Nyasi zikichakurwa na kuku baada ya mvua hutoa harufu yake, ya udongo na mizizi iliyokatika, na mimi harufu hiyo hunipandisha wivu. Msinicheke, ngojeni niwaeleze.

Kwetu Nyakakika, ng'ambo ya njia, alikaa mjane mmoja, Mama Aneth. Mbele ya nyumba yake palikuwa kijani mwaka mzima, na kwa nini pasiwe? Hakufuga hata kuku mmoja. Sisi tulikuwa na kuku wa mama, wanaozurura watakavyo, kwa hiyo kwetu ni vumbi kiangazi, matope masika. Baba akitoka kuchuma kahawa hupita kwanza kwa mjane kusalimia, anakaa kwenye zile nyasi, kisha anarudi kutusimulia zilivyo laini. Na anasimulia huku anakula ndizi alizopika mama!

Nilimchukia Mama Aneth. Hata shikamoo nilimpa kwa shingo upande.  Mama yeye alinituma parokiani nikaombe nyasi za jani jembamba, tukazipanda. Kuku wakadhani wameandaliwa sherehe, wakazifumua zote. Akaleta za jani pana kutoka uwanja wa mpira. Hizo hazikung'oka, ila kila chipukizi lilidonolewa. Nikamwambia basi tuwauze hao kuku. Alinitazama mpaka nikatamani kuyarudisha maneno yangu, maana kuku wale ndicho kitu pekee pale nyumbani kilichoitwa chake.

Siku moja nikamkuta anamwaga lumbugu kutoka kwenye kiroba. Mliolima kwetu mnaijua: ukoka ule mkaidi tunaoufukua mgombani tangu tujifunze kushika jembe, na ukigeuka umerudi. Majirani wakasema mama kachanganyikiwa, nani hupanda gugu?

Kuku walichakura mpaka wakachoka. Lumbugu ikatambaa hadi mlangoni. Jioni moja baba alikuja nyumbani moja kwa moja, akavua mabuti, akakaa juu yake. Akasema pamependeza, ila mama ajue kitu hiki hakitatoka tena hapa.

"Najua hakitoki," mama akajibu. "Ndicho nilichokuwa natafuta."

Baba akawa anachuma-chuma majani kwa vidole. Mimi nilifurahi tu kwamba tumempiku Mama Aneth kwa nyasi.

Juzi, hapa Kayanga, mume wangu alinionyesha kwenye simu picha ya kwa mwalimu mwenzake, mwanamke, aliyetandika nyasi za plastiki mbele ya nyumba. Akasema yule dada anajua kupapendezesha nyumbani. Akairudia picha mara ya pili. Nje mvua ilikuwa imekatika na kuku wangu wanachakura, harufu ile ikanijia, nikamwelewa mama yote kwa mara moja, na kifua kikaniwaka.

Kesho yake nikapanda bodaboda kwenda Nyakakika. Mama aliniona nashuka na kiroba kitupu. Aliingia ndani, akanitolea jembe.