Chapati tatu, ndagala, na roboti ya India

We unayesoma hii, kuja ukae karibu. Sina siri na we. Ungekuwa hapa mu nyumba yangu ningekumiminia chai ya tangawizi kwanza, njo nianze. Lakini uko mbali, basi chai utajipikia. Mi naandika mu kaye, daftari yangu ya masomo ya jioni, mwalimu wetu alisema tuandike kitu tunakijua sisi wenyewe. Na mi najua hiki: namna nilikaribia kumukosesha bwana yangu operesheni, kwa sababu ya chapati tatu na ndagala.

Bwana yangu ni fundi wa malori. Miaka yote yuko chini ya gari, amelala mugongo, anaongea na injini. Siku moja akaanza kukojoa mukojo mwekundu. Namuuliza, ananijibu: "Ni hizi mboga nyekundu, lengalenga, mama watoto. Unapika mingi." Nikaacha lengalenga wiki mbili. Mukojo ukabaki mwekundu. Hapo nikamushika mukono kama mutoto, tukaenda hospitali kule Kamenge.

Skaneri ikaonyesha figo ya kushoto iko na uvimbe mukubwa kama chungwa. Kansa. Na haikubaki mu figo peke yake, ilikuwa imetoa mukia, ule mukia umeingia mu mushipa wa damu unaotoka ku figo kupanda upande wa moyo. Docta, mama mumoja mupole, hakuzunguka.

"Huu mukia unatembea," alisema. "Ukitolewa mapema, matumaini iko. Musichelewe."

Akatuelekeza India, ku hospitali wanapasua na roboti.

Kusikia roboti, nyumba ikajaa. Wifi yangu, dada mukubwa wa bwana yangu, njo alikuwa wa kwanza kusema.

"Roboti imukate ndugu yangu? Nani atasema bismillahi, betri?"

Bwana yangu naye akakataa. Si kwa woga. Mutu wa mashine anajua mashine inaharibika. Docta wa India alipotupigia video, binti yetu akitafsiri, bwana yangu alimuuliza kama mutu ananunua lori: iko na miaka ngapi? Nani anaitia grisi? Umeme ukikatika mukono uko ndani ya tumbo, itakuwaje? Yule docta akacheka, akajibu yote. Akasema roboti haikati yenyewe. Kuko kiti, docta anakaa pale, anaangalia ndani ya tumbo kama mu darubini, akipindua vidole vyake ile mikono midogo inapindua vilevile. Matundu ni madogo, na mikono yake haitetemeki.

Bwana yangu akasogelea simu. Halafu akasema: "Kumbe iko na shofa wa kuiendesha! Si ungesema mapema?"

Wakaenda na mudogo wake, shemeji yangu. Musikiti na familia walitusaidia, Mungu awalipe. Mi nikabaki na watoto. Mu valizi nilimutilia ndagala, zile dagaa zetu za ziwa, za kukaanga, kavu kabisa, na chapati. Mutu wa Tanganyika hawezi kuishi na dengu peke yake.

Usiku mumoja kabla ya operesheni, hospitali ikampa karatasi, wameitafsiri mu Kiswahili. Shemeji akanitumia picha yake, na binti yangu akanisaidia mahali pagumu, lakini sehemu kubwa nilisoma mi mwenyewe. Nilijisikia mukubwa! Iliandikwa wazi: asile kitu chochote kuanzia saa ine ya usiku. Nilisoma vizuri, nilielewa vizuri. Halafu nikaongeza yangu.

Nilimupigia. "Baba watoto, kama ni kushinda na njaa, basi ufunge kwelikweli, utie nia, iwe ibada. Na funga bila daku haina baraka. Kabla ya alfajiri amuka ule kidogo."

"Karatasi inasema nisile."

"Karatasi itanifundisha mi kufunga? Tangu nina miaka kumi nafunga!"

Akatii. Ni mutu anatii, ile njo shida yake.

Nilikuwa nimemaliza swala ya alfajiri, bado niko ku mukeka, telefone ikalia. Shemeji.

"Shemeji, wamemurudisha ku kitanda."

"Wamemaliza?"

"Hawakuanza. Docta wa kulalisha watu alimuuliza umekula nini. Akamwambia ukweli, chapati tatu na ndagala. Yule docta akatupa mikono juu. Anasema mutu akilala na tumbo limejaa, chakula inaweza kupanda iingie mu mapafu, afe. Mashine wamempa mugonjwa mwingine. Yeye ni ijumaa."

Ilikuwa jumatatu. Siku ine. Na ule mukia unatembea.

Nilikaa pale ku mukeka mupaka jua likaingia mu mulango. Wifi alipokuja nikamwambia yote, sikuficha. Nilingoja anikate na maneno. Akaniangalia, akasema: "Kwa hiyo si roboti njo ya kuogopa. Ni we."

Nikacheka, nikalia, yote pamoja. Halafu akakaa chini na tasbihi yake, hakuondoka mupaka magaribi.

Zile siku ine niliomba kitu kimoja: Mungu, usimuhesabie yeye ujinga wangu. Alhamisi nikapiga simu.

"Usile kitu. Hata tende moja."

"Na mate nimeze?"

"Meza mate. Ndagala ziko wapi?"

"Shemeji yako amezifungia mu valizi, ufunguo analala nao."

Ijumaa asubuhi wanawake wa mutaa walikuja kusoma dua, mi nikachambua muchele wa Buterere, sinia ileile mara tatu. Simu ikaja karibu saa tatu. Figo imetoka na uvimbe wake, na ule mukia umetoka muzima, haukukatika. Anapumua vizuri. Ameamuka anauliza ile mashine ni ya chapa gani.

Sikwambii amepona kabisa. Ku mapafu waliona vidoa vidogo, bado anatundikiwa dawa, bado tunarudi ku skaneri na moyo mu mukono. Lakini yuko. Asubuhi anaenda garaje, haingii tena chini ya lori. Anakaa ku kiti, anaonyesha na vidole, wafundi wake wanakaza buloni na spana. Eti yeye sasa njo docta wa roboti.

Basi rafiki, nina ombi. Hii habari usikae nayo. Msomee jirani, msomee shangazi yako mwenye kuamrisha kila mutu. Mukojo ukiwa mwekundu, usilaumu lengalenga, enda docta akuone. Na karatasi ya docta ikisema usile, hakuna daku. Mungu anaelewa.